Koti la Askari wa Thelathini na Moja

Asubuhi ile mama alikata kitambaa bila kupima. Utasema ni jambo dogo, lakini huyu alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini, mtu aliyepima hata pazia la bafuni mara mbili. Sasa alikuwa ameinamia kaki nzito, mkasi ukienda kama unajua njia, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni bila kazi.

"Sare ya nani hiyo, mama?" binti yake aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Mikono ndiyo inayojua."

Binti alikuwa karani wa maktaba, na kwa jinsi alivyopenda karatasi kuukuu, nyumbani walimwita Faili. Miaka miwili alikuwa akimsaka babu wa mama yake, ambaye ukoo mzima uliapa kwamba alikuwa mpishi. Mpishi wapi! Bahasha kutoka hifadhi ya nyaraka za jeshi ilisema alikuwa askari, nambari mia nne kumi na saba. Alfajiri moja, kambini kando ya mto, wenzake thelathini waliitwa majina, wakaitika, wakaenda, wasionekane tena. Yeye, wa thelathini na moja, alitoroka kabla hajaitwa. Chini ya orodha mtu alikuwa ameandika: *Sajini alikuwa mgonjwa kitandani. Aliyewaita hatumjui.*

Jana yake, wakati wa chakula cha mchana, Faili aliwasomea orodha hiyo kwa sauti. Alipofika nambari ya mwisho mama, ambaye hakuacha utani umpite, alisimama akapiga mguu chini.

"Nipo, afande!"

Mjomba alicheka mpaka maji yakampalia. "Dada, na unene huo! Jeshi gani lina mkanda wa kukutosha?"

Kicheko hicho kilikuwa cha mwisho katika nyumba ile.

Kuanzia siku ya kukata kaki, kila ifikapo saa nne asubuhi, jua likiwa kali na majirani wakianika nguo, harufu ya tope la mto na ngozi iliyooza iliingia chumba cha kushonea. Kisha viatu vizito vilisikika uchochoroni. Faili alichungulia dirishani akaona vumbi likikanyagwa, alama moja baada ya nyingine, na juu ya alama hizo hapakuwa na mtu. Mama hakuinua macho. Alishona tu, mashavu yakilowa machozi, na kila siku koti lilipata kitu kipya: mfuko, kola, mkono.

Mjomba alimleta mganga, mzee mpole mwenye kikohozi. Alinusa koti, akarudi nyuma.

"Niambieni yote," alinong'ona. "Nani alimpa huyu jini ruhusa?"

"Dada aliitika," mjomba alisema. "Kwa mzaha tu, mzee."

"Jini hajui mzaha. Kuna kingine?"

Faili alikumbuka fomu aliyotia saini ili apewe faili la babu: *Mimi ndiye mrithi wa askari huyu.* Hakuwa amewauliza wakubwa, na aliona haya kuitaja mbele ya mjomba. Tena, alijiambia, ile ni karatasi tu. Akatikisa kichwa.

"Basi mama huyu ataitwa koti likiisha, nalo linaisha leo," mganga alisema. "Mfungeni mdomo. Asipoitika leo, hana njia ya kumchukua."

Mama alipoisikia dawa hiyo alianza kupapatika. Alimwelekezea Faili kidole, akalielekezea koti, akataka kusema, lakini meno yalikuwa yameshikana kwa woga. Faili alidhani ni jini anayepigania windo lake. Akararua kipande cha kaki na kumfunga mama yake mdomo kwa mikono yake mwenyewe, akilia, akimwambia, "Nisamehe, mama, ni kwa ajili yako."

Saa nne ikafika. Harufu ikaja, viatu vikaja, na safari hii havikupita bali vilipanda ngazi, vikaingia, vikasimama mbele ya cherehani, na maji ya mto yakaanza kuenea sakafuni kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu, yakamfikia mganga ambaye alikuwa akisoma dua kwa midomo tu, yakamfikia mjomba aliyejibana ukutani, yakamfikia Faili vidoleni, baridi, na ndani ya baridi ile sauti ya upole kabisa ikasema:

"Mia nne kumi na saba."

Mama alikuwa amefungwa barabara. Faili akashusha pumzi, tumepona, akataka kusema tumepona, na ulimi wake ukasema kitu kingine.

"Nipo."

Alijaribu kuurudisha. Alijaribu kushika mlango, lakini mikono yake ilikuwa imejinyoosha mbavuni, na miguu imesimama pamoja. Koti likashushwa kutoka kwenye msumari, likamkaa mabegani bila kubana wala kupwaya. Hapo ndipo alipoona alichopaswa kukiona tangu mwanzo, kwamba koti lile lisingemwingia mama yake hata mkono mmoja.

"Mama," alisema, na hilo ndilo neno la mwisho aliloruhusiwa.

Mama alipiga magoti majini. Alikuwa akilia nyuma ya kitambaa, akitikisa kichwa, hapana, hapana, huku mikono yake ikimfunga binti yake vifungo, kimoja baada ya kingine, mpaka shingoni.