Chumvi Haipandi na Mvuke

Kila asubuhi Armelle aliteka maji kwenye bomba la kambi yao, nje ya mji wa Kigoma, akayachemsha na kuyafunika. Tangu wavuke ziwa kutoka Burundi, kazi hiyo ilikuwa yake.

Siku hiyo mdogo wake, Egide, aliamka akiharisha. Mama alichanganya kinywaji alichofundishwa na Nesi Joanitha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Alimwagiza Armelle amnyweshe kidogo kidogo, akaenda kupanga foleni ya posho.

Hema la jirani lilikuwa limefiwa na watoto wawili kwa kipindupindu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Armelle aliogopa hata kinywaji kile, akakibandika motoni kichemke tena. Mara akasikia malori yameleta wakimbizi wapya, akakimbia kumtafuta baba yake, waliyepoteana naye walipokuwa wakikimbia. Baba hakuwamo. Aliporudi, kinywaji kilikuwa kimebaki nusu.

Sukari nyingine haikuwapo. Kwa kumwogopa mama, alinyamaza, akakipoza na kumpa Egide. Mtoto alikunja uso, akatema, akalilia maji. Midomo ilimkauka, macho yakazama.

Nesi Joanitha alipopita kukagua wagonjwa, alionja kile kinywaji, akauliza ni nani aliyezidisha chumvi. Kusema hajui kulikuwa rahisi. Armelle aliyatazama macho ya mdogo wake.

"Hakuna aliyezidisha, nesi. Nilikichemsha tena, nikakiacha motoni."

"Chumvi haipandi na mvuke, binti. Maji yameondoka, chumvi na sukari zimebaki. Vijiko sita vya sukari vya lita moja sasa vimo kwenye nusu lita. Kwa lita nzima ni sawa na vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Ndiyo maana kinazidi kumkausha. Tufanyeje?"

Armelle alipima kilichobaki: vikombe viwili. Akaongeza vikombe viwili vya maji yaliyochemshwa. Nesi alionja, akatikisa kichwa kukubali, akakaa nao akimnywesha Egide kijiko kwa kijiko. Alasiri mtoto alikojoa, kisha akaomba uji.

Mama aliporudi, Armelle alimweleza yote kabla hajaulizwa. Mama alimshika mikono.

"Mwana wanje, mwanangu, hofu ilikufanya uchemshe mara ya pili, nami ningefanya hivyo hivyo," alisema. "Lakini hofu isikufunge mdomo tena. Kosa lililosemwa mapema hupimwa, likarekebishwa. Lililofichwa tungelizika pamoja na ndugu yako."