Kioo Kisichorudisha Uso

Maiti ya Rugambwa ililala kifudifudi kati ya majabali mawili, miguu ikilambwa na maji ya ziwa. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Nyuma ya jabali, kwenye mwamba bapa, paneli yake ya jua iliendelea kuzalisha umeme kana kwamba hakuna aliyekufa.

Inspekta Shimba aliona mita ya kupimia umeme ikining'inia pembeni mwa paneli, nyaya zake mbili zikiwa bado zimebanwa kwenye fremu.

"Mita hii ya nani?"

"Yangu, afande."

Aliyejibu alikuwa Ishengoma. Yeye na marehemu ndio mafundi wawili wa kituo kile kidogo cha majaribio ya umeme wa jua, kusini mwa Nyegezi. Wote walitoka Bukoba, wakasoma shule moja, darasa moja. Mwaka huo, 1978, kijiji cha ujamaa cha jirani kilikuwa kimeahidiwa jokofu la chanjo lisilohitaji mafuta ya taa. Kila fundi alikuwa na paneli yake. Moja tu ingechaguliwa.

"Eleza ulichokiona."

"Nilikuwa hapa napima umeme. Masalu akaja akampiga Rugambwa kwa kasia. Nikakimbia kuita watu."

Masalu, mvuvi mzee, alikuwa ameshafungwa kamba na mgambo kabla polisi hawajafika. Hakuna aliyeshangaa. Mwamba ule ulikuwa wake wa kuanikia dagaa mpaka kituo kilipouchukua, na kijiji kizima kilisikia matusi aliyomporomoshea Rugambwa.

Asubuhi yake Shimba alimfuata mahabusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnaniamkia kabla ya kuninyonga?"

"Ulimtukana marehemu?"

"Nilimtukana. Dagaa wangu walioza, nimshukuru?"

"Ulimpiga kwa kasia?"

Mzee alicheka bila furaha. "Kasia langu? Lingevunjika. Nenda dukani leo uulize kama kuna kasia. Hata sabuni hakuna! Mtu ningempiga kwa jiwe, Inspekta. Mawe Mwanza hatujaishiwa."

Nje, Koplo Odeta alikuwa na jalada mkononi. "Sababu ipo, afande, na shahidi aliyeona kwa macho yupo. Mzee huyu anakwenda kunyongwa."

"Daktari anasemaje?"

"Jeraha ni jembamba, lina pembe. Anasema ni chuma."

"Kasia ni mti."

"Lakini shahidi aliona, afande."

"Basi akatuonyeshe alivyoona. Lichukue na hilo kasia."

Walimkuta Ishengoma kwenye mlango wa karakana, akiifuta paneli yake kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayefuta picha ya mzazi. Shimba aliinama juu ya kioo chake, akajiona kofia imekaa upande. Akaiweka sawa.

"Twende mwambani, ndugu Ishengoma."

Kutoka mlango ule hadi kwenye mwamba ulikuwa mwendo wa mtu kwenda kuomba chumvi kwa jirani.

"Simama kama ulivyosimama jana."

Ishengoma aliikabili paneli, vidole vyake kwenye fremu pale mita ilipokuwa imebanwa. Ziwa lilikuwa mgongoni mwake.

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Sindano ya mita. Ukiiacha inacheza."

"Na Rugambwa alipigiwa wapi?"

"Nyuma yangu. Pale, kando ya jabali."

"Kwa hiyo ulimpa mgongo."

"Ndiyo."

"Basi Masalu ulimwonaje?"

Ishengoma aliitazama paneli. Macho yake yalishuka kwenye fremu, yakapanda.

"Kwenye kioo, afande. Nilimwona kwenye kioo cha paneli, ameinua kasia."

"Uso wake uliuona?"

"Vizuri kabisa. Kama ninavyojiona mimi kila asubuhi."

"Odeta, simama pale. Inua kasia."

Shimba alichukua nafasi ya fundi, akatazama. Vipande vya paneli vilikuwa na buluu nzito, kama maji ya kina. Alimtafuta Odeta. Palikuwa na kivuli hafifu ambacho kingeweza kuwa mtu, au wingu. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Hata uso wake mwenyewe hakuuona.

"Kioo chako kimenionyesha kofia yangu. Hiki hakionyeshi kitu. Kwa nini?"

Ishengoma alisogea, akainama. Akautafuta uso wake, hakuupata. Akainuka.

"Wewe ni fundi. Nijibu."

"Kioo cha kawaida hurudisha sehemu ya mwanga. Ndiyo maana tunajiona. Mwanga unaorudi haugeuki kuwa umeme." Alikigusa kioo cha Rugambwa. "Yeye alikiosha kwa tindikali, uso wa kioo ukafanya vitundu visivyoonekana. Mwanga unaingia, haurudi."

"Ulikuwa unajua hivyo?"

"Alinieleza mara nyingi. Sikumsikiliza."

"Hukuwahi kuja kukitazama?"

"Sikuwahi."

"Mwaka mzima? Kutoka pale mlangoni?"

"Sikuweza, afande. Kila alipoimba huku chini akifanya kazi, mimi nilifunga dirisha."

"Jana ulifuata nini?"

"Kuthibitisha kwamba anadanganya akisema paneli yake inaizidi yangu. Nilijua amekwenda mjini. Nikabana nyaya, nikatazama sindano, sindano tu."

"Haikudanganya."

"Haikudanganya. Nikasikia kikohozi. Amerudi, anatabasamu."

"Alikucheka?"

"Angenicheka ningevumilia!" Sauti ilimpasuka. "Alisema, 'Tuandike majina yetu wote wawili, ndugu yangu. Jokofu ni la watoto.' Kisha akashuka majini kunawa, anaimba. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani, afande. Miaka yote mimi, yeye wa pili. Wa kwanza hagawiwi nusu na wa pili."

"Ulimpiga na nini?"

"Spana kubwa. Niliitupa pale, penye matete."

Odeta aliingia majini mpaka magotini, akapapasa katikati ya matete, akatoka nayo ameishika kwa leso. Ilikuwa na pembe kama daktari alivyosema.

"Masalu aachiwe leo," Shimba alisema. "Na kasia lake apewe mkononi."

Odeta alimtia Ishengoma pingu. Shimba aliitoa mita kwenye mfuko wa vielelezo, sindano yake ikiwa imelala.

"Jambo moja la kuandika kwenye jalada. Jana paneli yake ilizidi yako kwa kiasi gani?"

Ishengoma alitazama chini.

"Kidogo, afande," alisema. "Kidogo tu."