Upande wa Ndani wa Tairi

Ndugu zangu, nyumba ya jirani yangu ilikuwa na amani mpaka kwenye rangi ya kuta. Asubuhi yeye huosha gari, mkewe hushona barazani, na mtoto wao hucheka ovyo tu. Gari lenyewe ni la zamani, ila alikuwa amelishusha mpaka likakaribia kulamba lami, na magurudumu ya mbele akayainamisha, juu yameingia ndani, chini yametoka nje. Mtaani tukamwita Bwana Mng'aro, naye akavimba kichwa.

Fundi wa magari alimwonya kwamba gurudumu likiinama namna ile, tairi hulika upande wa ndani. Jirani yangu akatia pamba masikioni. Kila siku alifuta tairi kwa nje, akaona meno yake yamesimama, akaridhika. Nasi tuliokuwa tukimsifu tujiulize.

Ikafika siku ya kumrudisha kwake mama mkwe, mama wa mkewe aliyekuwa amekuja kuwatembelea, safari ya barabara kuu. Mama mkwe keshakaa mbele, mtoto yuko nyuma, kifuniko cha chupa ya mtoto kikabingirika chini ya gari. Mkewe akainama kukitafuta. Mkono wake ukatoka na damu.

"Mama, shuka," akasema. "Na mtoto nipe."

Mumewe akanung'unika kwamba matairi bado ni mapya na wanachelewa.

"Lete mkono wako, mume wangu. Pitisha huku ndani, siyo huko unakofuta."

Akapapasa. Mpira ulikuwa umekwisha, nyuzi za chuma zimechomoza. Jamani, mwanamume mzima alikaa vumbini na suruali yake ya safari. Alimtazama mwanawe tu, na mimi niliyekuwa nikichungulia juu ya ukuta wetu nilimwonea huruma.

Mama mkwe akaondoka kwa basi. Gari likaenda kwa fundi, magurudumu yakasimamishwa wima, matairi yakabadilishwa. Siku hizi linapita na hakuna anayegeuza shingo. Lakini juzi mama mkwe alipokuja tena, alisinzia kiti cha mbele kutoka stendi mpaka mlangoni, mdomo wazi. Jirani yangu anasema hajapata kusifiwa vile.

FUNZO

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukitengeneza chombo ili wapita njia wakitazame, uwakumbuke kwanza wanaokipanda. Na sisi majirani, tukimsifu mtu, tumwambie pia ukweli.