Utando Ndani ya Bomba

Kila asubuhi mume na mke walichemsha maziwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba yao. Yakishapoa, yalipita kwenye bomba hadi kwenye mashine ya kujaza chupa. Mama wa mume, ambaye majirani walimwita Bibi Kelele, ndiye aliyeonja kwanza.

"Nisipoonja, mtawauzia watu maji!" aliwatania.

Siku moja Bibi Kelele alianza kuharisha. Homa ikapanda. Walimkimbiza hospitali, lakini uzee ulikuwa umemmaliza nguvu. Akafariki.

Baada ya maziko, kwa kuwa hospitali ilishuku maziwa, mkaguzi wa afya alikuja na fundi wa vipimo. Wakafungua bomba. Mkaguzi akaingiza kidole. Glavu ikatoka na ute wa kijivu.

"Haiwezekani," mume akasema. "Mimi mwenyewe huliosha kila siku."

"Unalisuuza, kaka," mkaguzi akasema. " Vijidudu hunata ndani ya bomba, kisha hujifunika kwa utando. Maji yanapita juu tu."

"Lakini maziwa tunachemsha!" mke akasema.

"Mnachemsha, dada, kisha mnayapitisha humu. Ni kama kuoga ukarudia nguo chafu."

Mume akakaa chini. "Basi nimemuua mama yangu kwa mkono wangu."

Fundi akafunga kifaa kidogo kwenye bomba. "Hiki kinapitisha umeme hafifu kwenye vipande vya chuma humo ndani. Vijidudu vikianza kunata, umeme hupita tofauti. Namba hii kwenye kioo chake inabadilika kabla jicho halijaona kitu. Ila kifaa hakioshi. Kuosha ni kazi yenu."

"Vifaa hivi vilikuwepo mwaka jana?" mke akauliza.

"Vilikuwepo."

"Mbona hamkuja?"

Fundi akainamisha kichwa.

Tangu hapo walifungua bomba kila baada ya kazi. Walilisugua kwa brashi, sabuni na maji ya moto, wakalitia dawa ya kuua vijidudu, wakasuuza.

Asubuhi moja namba ikabadilika. Mke akachungulia. Bomba liling'aa.

"Mbona safi! Tujaze, wateja wanasubiri."

Mume aliyamwaga maziwa yote, akamwita mkaguzi. Vipimo vya maabara vikaonyesha vijidudu vimeanza kunata kwenye kiungo cha bomba. Hakuna mteja aliyeugua.

"Hongereni, mmewahi!" mkaguzi akasema.

"Kwa wateja tumewahi," mume akasema. "Kwa mama tulichelewa."

Akachukua brashi, akaendelea kusugua.