Mfungo Usio na Mwisho

Annuarite alikuwa hajamaliza sala yake aliposikia mtu akiitikia, "Amina."

Alifumbua macho. Ilikuwa alasiri, jua bado kali juu ya mabati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na chumbani hamkuwa na kitu ila cherehani yake na godoro lililokunjwa. Labda jirani, akajisemea. Kuta zetu hizi hata ukikoroma watu wanajua. Lakini Amina ile ilisemwa humo ndani, taratibu, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni.

Alikuwa amefunga. Yeye na Bora, binti yake wa pekee, waligombana, Bora akaenda Lilongwe kuuza vitenge sokoni Chilinde, na tangu hapo hakupokea simu. Annuarite alitaka mwanawe arudi, basi. Kanisani kwao mtu hafungi kimyakimya: humwambia mama wa chumba cha maombi siku ya kuanza na siku ya kufungua, na siku ya kufungua mama huyo humletea uji. Annuarite aliona aibu watu wajue kwamba mtoto amemkimbia. Akafunga peke yake, wala hakutaja mwisho.

Ngoma ikilia sana hupasuka, lakini nani angemwambia? Kila alipotaka kuonja kitu, harufu ya uji ulioungua ilitoka ukutani na sauti ikasema, "Bado. Ongeza." Naye akaongeza. Tusimcheke. Nyumba iliyokuwa kimya sasa ilikuwa na mtu wa kumwitikia, na upweke ukizidi, mtu hushukuru hata kwa mgeni asiye na uso.

Unga ukawa unapungua kwenye ndoo bila mtu kupika. Kisha jioni moja, akiwa ameinamia sketi ya mteja, akasikia mtu anatafuna nyuma yake, anatafuna bila haraka, anameza, anatafuna tena, na kila kilipomeza kitu kile yeye alihisi tumbo lake mwenyewe likizama ndani, mikono ikilegea, gurudumu la cherehani likizunguka lenyewe, mpaka akaanguka chini na asiweze kuita jina la mtu yeyote.

Aliyemkuta ni Mama Gertrude, yule wa chumba cha maombi, aliyekuja kuchukua sketi yake. Akampigia Bora kwa simu yake mwenyewe. Kesho yake Bora akafika, analia.

"Mama, mi njo nimefika. Kula kidogo."

"Bado," akajibu Annuarite, na sauti haikuwa yake.

Bora alipotoka kuchota maji, Mama Gertrude akanong'ona, "Mama Bora, ulisema utafungua siku gani?"

"Sikutaja siku."

"Yesu wangu! Kufunga bila mwisho ni kuacha mulango wazi. Mwenye anakuitikia si Mungu, ni jini. Iko anakula sehemu yako. Taja mwisho, sasa hivi!"

Annuarite alijua akiutaja, nyumba itarudia kimya chake. Akautazama mfuko wa Bora pale mlangoni.

"Leo," akasema. "Mwisho ni leo."

Ukuta ukaguna. Harufu ya kuungua ikajaa chumba, kisha ikatoka mlangoni na vumbi. Mama Gertrude akamnywesha uji vijiko vichache, akaliondoa bakuli. "Polepole. Hata uji ukizidi unaua."

"Usimwambie Bora," Annuarite akamsihi. "Naona haya."

Bora alikaa mpaka mama yake alipoweza kusimama tena, wakapatana, akarudi Chilinde. Annuarite alikula, akashona, akalala. Upweke ulimuuma, lakini ulikuwa upweke wa kawaida, wa kuvumilika.

Mchana mmoja Bora akapiga.

"Mama, uko muzuri?"

"Niko, mutoto wangu. Na we, umekula?"

"Hapana, nimefunga. Kwa ajili yako, upone kabisa."

Mguu wa Annuarite ukasimama juu ya pedali. "Mpaka siku gani?"

"Mpaka upone tu. Sikuambia mutu."

"Bora. Uko na nani pale?"

"Niko peke yangu. Ngoja tuombe kidogo, mama." Na kabla mama yake hajamkataza, akaanza, "Ee Baba, muponye mama yangu..."

Hakuwa amemaliza. Kwenye simu, karibu kabisa na mdomo wa Bora, mtu akaitikia taratibu, anatafuna:

"Amina."