Pete ya Njia ya Bibi Nyamizi

Haya, sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, kunja miguu yako, hapo treni inapita.

Tuko Tabora, nyumbani kwa Bibi Nyamizi. Uani kuna mpapai, kuna bomba la maji, kuna banda la kuku. Na kuna reli.

Ndiyo, reli! Reli ndogo, ya treni ndogo. Hata kuku anairuka.

Zamani Bibi Nyamizi alikuwa mkuu wa stesheni kwenye reli kubwa. Alipostaafu alirudi nyumbani na kofia yake na filimbi yake. Akakaa siku moja. Akakaa siku ya pili.

Siku ya tatu akasema, "Aa! Nyumba haina hata treni moja! Nyumba gani hii?"

Mwaka huohuo alizaliwa mjukuu wake, Minza. Minza akawa analala mgongoni kwa Bibi, na Bibi akawa anajenga reli.

Ko! Ko! Ko! Bibi alinyoosha waya nene kwa nyundo. Reli ya kwanza ilizunguka mpapai tu, basi.

Treni ya kwanza ilikuwa kopo la maziwa. Bibi alilipaka rangi nyekundu, akatia ndani mota ya redio mbovu na betri mbili.

Tuku-tuku, tuku-tuku, pooo!

Minza alipoanza kutambaa, alikwenda akakaa juu ya reli. Kwa! Reli ikapinda.

"Haya, abiria wa kwanza huyo," alisema Bibi, "na tiketi hana!" Akainyoosha reli, akaipeleka mbele hadi bombani.

Minza alipojua kukimbia, reli ilifika kwenye banda la kuku. Sasa kukawa na stesheni mbili, Stesheni ya Mpapai na Stesheni ya Bandani.

Treni nazo zikawa mbili. Nyekundu ya kopo la maziwa, na ya buluu ya kopo la majani ya chai.

Lakini njia ilikuwa moja tu. Treni mbili, njia moja. Mnaiona shida?

Bibi aliiona. Ndiyo maana alileta pete.

Ilikuwa pete ya chuma, nyeusi, kubwa kidogo kuliko pete ya kidoleni. Treni inayoondoka inavalishwa pete kwenye bomba lake la moshi. Ikifika, inavuliwa, inavalishwa treni nyingine. Isiyo na pete inangoja, hata ikinuna.

Bibi aliiita pete ya njia. Kila Jumamosi, kabla ya safari, yeye na Minza walisema kwa sauti:

"Pete moja, treni moja!
Hakuna pete, hakuna safari!"

Kisha Minza akatimiza miaka sita. Mwaka huo mvua ilinyesha. Weee, ilinyesha! Maji yakachimba mfereji katikati ya ua, yakaondoka na kipande cha reli.

"Hapa panataka daraja," alisema Bibi.

"Nitajenga mimi," alisema Minza. Jino lake moja la mbele lilikuwa limeng'oka, lakini maneno hayo aliyasema vizuri kabisa.

Akajenga daraja kwa spoku za baiskeli. Likaanguka. Akajenga tena. Likaanguka tena. Akalia kidogo, akanywa uji, akajenga tena.

Mara ya tatu aliweka tofali juu yake. Daraja likasimama na tofali lake, tuli.

"Baba akija Jumamosi, treni itavuka," alisema Minza.

Baba yake ni dereva wa treni kubwa. Huja nyumbani mara moja kwa mwezi, hulala siku moja, huondoka. Minza alitaka kitu kimoja tu duniani. Alitaka Baba aone treni ikivuka daraja lake.

Ijumaa jioni Minza aliichukua pete ya njia aisafishe. Akaisugua kwa majivu. Ikabaki nyeusi vilevile. Akaivaa kidoleni, ikampwaya, aone kama imependeza.

"Minza!" Bibi aliita kutoka jikoni. "Niletee michembe niiloweke, kesho Baba yako apate chakula chake."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Minza alitia mkono kapuni. Akachota, akachota, akamwaga kwenye sufuria ya maji.

Chubwi!

Mmesikia? Minza hakusikia.

Jumamosi asubuhi, Minza alikwenda kwenye msumari ambapo pete hulala. Msumari ulikuwa mtupu.

Akatafuta chini ya mpapai. Hakuna. Akatafuta ndani ya viatu. Hakuna. Akatafuta kwenye kiota cha kuku.

"Ko-ko-kooo!" alisema kuku. Maana yake, toka hapa.

Mara, kwa mbali, kwenye reli kubwa: Poooooo! Treni ya Baba imefika.

Hakuna pete, hakuna safari. Na kesho Baba anaondoka.

Chini kulikuwa na kipande cha waya. Minza akakitazama. Akakiokota. Akakikunja, kikawa duara. Akakipaka masizi ya sufuria, kikawa cheusi.

Kilifanana na pete ya njia. Kilifanana sana.

"Pete iko tayari?" aliuliza Bibi. Hakuwa amevaa miwani.

"Iko tayari, Bibi," alisema Minza.

"Hodi hodi!" Baba huyo! Minza alimkimbilia akamrukia.

"Shikamoo, Baba!"

"Marahaba, mwanangu! Na hilo jino umemuuzia nani?"

"Liling'oka lenyewe! Baba, nimejenga daraja!"

"Acha weee! Nataka kuliona sasa hivi," alisema Baba. Akamgeukia Bibi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Daraja baadaye, kwanza kula," alisema Bibi. Akampa bakuli la michembe, ya moto, yenye karanga. "Kaa kule Bandani, uipokee treni ikifika."

Baba akakaa kwenye kigoda, karibu na treni ya buluu. Bibi na Minza wakaenda Stesheni ya Mpapai, kwenye treni nyekundu. Bibi akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

Minza akaivalisha treni nyekundu pete yake ya waya. Wakasema:

"Pete moja, treni moja!
Hakuna pete, hakuna safari!"

Bibi alisema kwa nguvu. Minza alisema polepole.

Priiiii! Filimbi ikalia. Treni nyekundu ikaondoka. Tuku-tuku, tuku-tuku, pooo!

Kule Bandani, Baba alikuwa anakula. Mchembe wa kwanza, mtamu. Mchembe wa pili, mtamu. Mchembe wa tatu...

Kling!

"Hee! Mchembe gani huu?" Baba akautoa mdomoni. Haukuwa mchembe. Mnajua ni nini?

Ilikuwa pete ya njia!

Baba akacheka. "Mama na vituko vyake! Kanifichia pete kwenye chakula, kumbe mimi ndiye nifungue daraja!" Na filimbi si ameisikia? Akaivalisha treni ya buluu pete, akabonyeza swichi.

"Haya, pete ninayo!" alipaza sauti, akiifuata treni kwa nyuma. "Treni ya buluu inakuja!"

Minza akaganda pale alipo.

Pete mbili. Treni mbili. Njia moja. Na katikati, daraja lake.

Angenyamaza, nani angejua? Lakini tuku-tuku ilitoka huku, na tuku-tuku ilitoka kule.

"Simama! Baba, simama!" Minza alinyakua bendera nyekundu, akatimua mbio. Akalipita bomba. Akaipita bustani ya matembele. "Simamaaa! Pete yangu ni ya uongo!"

Baba ni dereva. Dereva akiona bendera nyekundu, haulizi kwa nini. Akabonyeza swichi, treni ya buluu ikasimama kwenye ukingo wa daraja.

Lakini treni nyekundu haikuwa na dereva. Tuku-tuku, ikapanda darajani. Tuku-tuku, ikafika katikati. Tuku-tuku, ikazidi kwenda!

Minza akaruka. Chwaaa! Akatua mferejini, tope hadi magotini. Akaidaka treni nyekundu kwa mikono miwili.

Trrrr, magurudumu yakazunguka hewani. Treni mbili zilikuwa pua kwa pua. Kati yao palibaki nafasi ya kidole kimoja.

Kuku akachungulia kutoka bandani.

Minza akaanza kulia. "Bibi, niliipoteza pete. Nikatengeneza nyingine. Nikakudanganya. Nilitaka Baba aone daraja langu."

Bibi akavaa miwani. Akaitazama pete ya waya. Akaitazama pete ya njia, iliyokuwa na karanga pembeni.

"Na hii ilikuwa wapi?"

"Kwenye michembe, Mama," alisema Baba. "Nimeitafuna kidogo."

"Kwenye michembe!" Bibi akashika kiuno. "Kumbe leo nimepika reli!"

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye akacheka. Minza akacheka huku machozi yanamtoka.

Kisha Bibi akamvuta Minza karibu, na tope lake lote.

"Mjukuu wangu, ungeniambia, tungeitafuta wote. Hata sufuria ningeimwaga. Lakini sasa treni mbili nusura zigongane, na daraja lako lingevunjika."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Na ulipoona hatari, ulisema kweli kwa sauti. Miaka yote niliyokaa stesheni, mimi sijawahi kurukia tope!" Bibi akavua kofia yake, akamvalisha Minza. Kofia ikamshuka mpaka puani.

"Bibi," alisema Minza kutoka ndani ya kofia, "bado kuna safari?"

"Pete iko wapi?"

"Hii hapa."

"Basi unaniuliza nini tena?"

Wakairudisha treni ya buluu Bandani. Wakairudisha nyekundu kwenye Mpapai. Minza akaiosha pete bombani, akaivalisha treni nyekundu. Safari hii wakasema wote watatu, na Minza ndiye aliyepiga kelele zaidi:

"Pete moja, treni moja!
Hakuna pete, hakuna safari!"

Priiiii! Tuku-tuku, tuku-tuku...

Baba akalala kifudifudi chini, na shati lake la kazi, ili aone daraja vizuri. Treni ikapanda. Treni ikavuka. Daraja halikutikisika hata kidogo.

Pooo!

"Nani kajenga daraja hili?" aliuliza Baba.

"Mimi!"

"Peke yako?"

"Peke yangu! Lilipoanguka mara mbili nililia, halafu nikajenga tena!"

Baba akambeba juu. "Mimi navuka madaraja mengi, mwanangu. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote." Na alilipenda kweli. Aliivusha treni mara kumi na mbili, mpaka michembe yake ikapoa.

Jioni, treni mbili ziliingia kulala kwenye boksi la viatu. Nyekundu huku, buluu kule.

Bibi akachukua ile pete ya waya. Akainyoosha kwa nyundo. Ko! Ko! Ko! Akaikunja upya, ikawa ndoano. Akaipigilia ukutani, karibu na kitanda cha Minza, mahali Minza anapofika bila kupanda kiti.

Kisha akatundika pale pete ya njia. "Kuanzia leo, mlinzi wake ni wewe," alisema.

Minza akaigusa kwa kidole. Ipo. Akajifunika shuka. Akatoa mkono, akaigusa tena. Ipo.

"Bibi?"

"Mmh?"

"Mwakani reli yetu itafika wapi?"

"Wewe unataka ifike wapi?"

"Getini," alisema Minza. "Baba akirudi, treni iwe ya kwanza kumpokea."

Mlangoni, Baba alisikia. Akaingia taratibu, akambusu mtoto wake kwenye paji la uso.

"Basi lala, mkuu wa stesheni," alisema Bibi. "Getini ni mbali. Tuna kazi."

Minza akalala.

Na sisi treni yetu imefika. Shukeni polepole, msisukumane, kila mtu kitandani kwake. Na pete mmeiacha wapi?

Tuku-tuku... tuku-tuku... pooo.