Nyaya Mpya za Pikipiki ya Reino

Nyinyi wenzangu mnaopenda kusema "nikimaliza hiki nakuja", hebu acheni hicho mnachofanya mnisikilize. Nataka kuwaeleza yaliyompata dada yangu Marlys na mumewe, Reino Lahti, hapa hapa kwetu kaskazini mwa Minnesota, Marekani.

Ilikuwa nyumba ya amani. Kila Jumamosi jioni waliingia pamoja kwenye kibanda cha kuoga mvuke nyuma ya nyumba, kama tufanyavyo sisi wote wenye asili ya Ufini, wakatoka wekundu, wakakaa jikoni kunywa kahawa na mkate wa iliki huku wakitaniana kama wachumba. Basi, mwisho wa kipupwe kimoja daktari akamwambia dada kwamba moyo wake umechoka na hautapona. Alirudi nyumbani, akavua koti, akamwambia mumewe pale pale mezani:

"Reino, theluji ikiyeyuka nipeleke ziwani kwa pikipiki, kama ulivyonipeleka kabla hujanioa. Kingine sitaki."

"Nitakupeleka, mama," Reino akajibu. Macho hakuyainua.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, kuukuu, imefunikwa turubai gerejini, na panya walikuwa wamezitafuna nyaya zake. Reino akaziunga, akazifunga utepe, na mwezi wa tano ikawaka. Dada alikuwa tayari mlangoni na koti lake la ngozi. Ndipo Reino akafungua taa ya mbele kuangalia mara ya mwisho, akagusa waya mmoja, ganda lake likapukutika.

"Hapana," akasema. "Siwezi kukupandisha kwenye kitu hiki kikatuwakia moto njiani. Nazitoa zote, naweka mpya. Bado kidogo tu."

Mpaka hapo sina la kumlaumu. Sisemi mtu ampandishe mkewe kwenye chombo kinachotoa cheche. Lakini jamani, huku kwetu kuna wanaume ambao pikipiki ya zamani kwao si chombo cha kupanda. Lazima iwe vile vile ilivyotoka kiwandani, hadi rangi ya waya usioonekana. Reino alikuwa wa hao. Nyaya za dukani, nzima na nzuri, alizikataa, akaagiza nyingine Uingereza, zenye ganda la kitambaa. Tukazisubiri. Zilipofika akaanza kuzipima, kuzikata na kuzilehemu kiungo kwa kiungo, na chakula akawa anakila gerejini.

"Reino, twende mchana, taa ya nini?" dada alimwambia siku moja kupitia dirishani.

"Bado kidogo, mama."

Huku kwetu kiangazi ni kifupi. Mwezi wa nane nilimkuta dada kitandani, miguu imevimba, hata ngazi za mbele hazipandi tena. Nikatoka mbio hadi gerejini. Nyaya zote zilikuwa sakafuni, amezing'oa upya!

"Shemeji, huu waya unapitisha umeme au haupitishi?"

"Unapitisha."

"Sasa?"

"Rangi siyo, Verna. Kiwandani waliweka wa kijani wenye mstari mweusi. Huu ni wa kijani mtupu."

"Si uko ndani ya taa! Nani atauona, samaki wa ziwani?"

Akacheka kidogo, akainama tena. "Mimi nitajua."

"Na mkeo je? Tangu asubuhi anasikiliza mlango wako."

"Namfanyia yeye!" Akaweka koleo chini. "Nikiingia mle ndani nakaa tu, Verna. Nifanye nini? Moyo wake siwezi kuufungua nikautengeneza. Hii naweza."

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote, zikaniishia. Wanaume wetu ndivyo walivyo, ukiwaambia una huzuni wanakuuliza paa linavuja wapi. Nilimwonea huruma, kweli. Lakini nilimwambia, "Shemeji, kakae hivyo hivyo bila cha kufanya." Akaitikia kwa kichwa, kisha akachukua koleo lake.

Alimaliza majani ya miti yalipokuwa ya njano. Pikipiki ikanguruma, taa ikawaka nyeupe, honi ikalia hadi kwangu. Nilipofika Reino alikuwa ameshambeba mkewe nje, amemvisha koti, anamweka siti ya nyuma huku uso unamcheka kama mtoto. Nikamshikilia dada mgongoni. Reino akapanda mbele.

"Nishike kiuno, mama. Kaza."

Dada akamshika. Vidole vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza tena, kichwa kikamwangukia mumewe begani.

"Reino," akasema polepole, "mikono haishiki."

Injini ilikuwa inanguruma tu, safi kabisa.

"Umeitengeneza vizuri," dada akasema. "Sasa izime, uje ukae na mimi ndani."

Akaizima. Akambeba kumrudisha kitandani, akavuta kiti, na kuanzia siku ile hakutoka. Nilikuwa nikiwakuta wanaongea habari za zamani, au wamenyamaza tu, na dada uso wake umetulia. Kumbe hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo. Alifariki kabla theluji haijaanguka.

Tulipotoka kumzika, Reino alinishika mkono. Alilia mbele za watu, yule ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake hakulia.

"Verna," akaniambia, "mwezi wa tano ilikuwa inawaka."

MAFUNZO

Ndugu zangu, Reino hakuwa mlevi wala mhuni, na mke alimpenda. Ndiyo maana nimewaeleza habari zake, kwa sababu wengi wetu tunajua kuwakimbia walevi lakini hatujui kwamba hata kazi nzuri inaweza kuwa maficho. Mgonjwa wako akikuomba muda wako, usimpe kitu kingine badala yake, hata kiwe kizuri namna gani. Usisubiri ujue la kusema. Kama yuko chumba cha pili sasa hivi, inuka uende.